Mchovu Si Mvivu: Fundisho kwa Waliochoka na Kazi

Someni kwanza nyumbani: 1 Wafalme 19, Kutoka 18:13–27, Marko 6:30–32.



Mwezi huu twataka kulifikiri pamoja nanyi jambo linalowapata watu wengi wa sharika zetu, nalo ni kuchoka na kazi. Hatusemi juu ya uchovu wa jioni moja, ambao usingizi wa usiku mmoja huuponya. Twasema juu ya uchovu ule umfanyao mtu aamke asubuhi, alitazame jembe lake ukutani, na moyo wake usimwambie neno lolote. Mikono yake ni mizima, shamba liko, maji ya mfereji yapo; lakini ile nia iliyomwamsha mwaka jana imeondoka, wala hajui imekwenda wapi.

Watu wa Ilula wanalijua jambo hili vema. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, akiisha kuupanda mlima wa Kitonga, hufika hapa katika wilaya ya Kilolo, na kando ya barabara huyaona matenga ya nyanya yamepangwa. Nyanya na vitunguu ndivyo vinavyolisha nyumba nyingi hapa, ndivyo vinavyolipa ada za shule, ndivyo vinavyonunua mabati. Lakini nyanya ni zao lisilompa mwenyewe nafasi ya kupumua. Kitalu chataka maji, miche yataka kuhamishwa kwa wakati wake, magugu hayangoji, bomba la dawa halikauki mgongoni. Kisha kuna kuchuma, kuchagua, na kupanga katika tenga. Nyanya ikiisha kuiva haina subira: siku chache tu, imekwisha kuharibika. Na siku ambayo watu wote wachuma pamoja, bei hushuka. Mnunuzi hutaja bei aitakayo, na mkulima hana budi kuipokea, kwa kuwa hana ghala la kutunzia nyanya. Tena, tangu mwaka 2014 ameonekana katika nchi yetu mdudu mharibifu ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, naye wakulima wenyewe wamempa jina la Kanitangaze. Viwavi wake hutoboa majani na matunda, hata shamba lililokuwa kijani lafanana na shamba lililopitiwa na moto. Basi mtu aweza kufanya kila kazi kama ipasavyo, na mwisho akavuna deni.

Mtu akipatwa na hayo misimu miwili au mitatu, nguvu zamwishia. Ndipo watu husema, "Fulani siku hizi amekuwa mvivu." Naye mwenyewe husikia, akasadiki. Huacha shamba, kisha huacha jumuiya, kisha huacha ibada. Wengine hutafuta faraja katika pombe. Wengine hupanda gari usiku kwenda mjini bila kuwaaga wazee wao. Wala si wakulima tu. Muuguzi akeshaye wodini, mwalimu mwenye darasa lililojaa kupita kiasi, mwinjilisti atembeaye vilima kwa miguu, mama atangulizaye kuamka na kulala nyuma ya wote: hawa nao waweza kufika mahali pale pale.

Kwa hiyo twauliza: Je, ndugu huyu ni mvivu au ni mchovu? Swali hili si dogo, maana dawa ya mmoja ni sumu kwa mwenziwe.

1. Tuwatofautishe mvivu na mchovu

Maandiko humkemea mvivu. Kitabu cha Mithali humtuma kwa chungu, mdudu mdogo asiye na msimamizi, apate kujifunza kwake. Neno hilo ni la kweli, nasi hatutaki kulilegeza. Lakini tazameni vema. Mvivu hapendi kuanza. Mchovu ameanza mara nyingi. Mvivu hulala kwa raha. Mchovu hulala huku moyo wake ukimshitaki. Mvivu hutafuta mtu wa kumlaumu. Mchovu hujilaumu hata kwa yale yasiyo makosa yake. Mvivu ukimkaripia na kumpa jembe, umemsaidia. Mchovu ukimkaripia na kumwongezea mzigo, umemvunja. Ng'ombe aliyeanguka chini ya nira kwa njaa hainuliwi kwa fimbo. Hufunguliwa kwanza, akapewa majani na maji.

2. Jinsi Bwana alivyomtendea Eliya

Eliya hakuwa mvivu. Alikuwa ametoka katika kazi kubwa juu ya mlima wa Karmeli, akawashinda manabii wa Baali mbele ya watu wote. Lakini lilipomfikia tishio la Yezebeli, nguvu zilimwisha. Akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya kichaka cha mretemu, akaomba afe. Nabii huyu aliyesimama bila hofu mbele ya mfalme Ahabu, sasa hataki hata kuiona kesho.

Sasa tuangalie Bwana Mungu alifanya nini. Hakumkaripia. Hakumkumbusha kiapo chake. Wala hakumhubiri. Eliya alilala usingizi. Malaika akamgusa, na tazama, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji vilikuwa kichwani pake. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamwambia ale, kwa kuwa safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hapo ndipo nabii alipopata nguvu ya kwenda siku 40 mchana na usiku hata Horebu.

Hili ni fundisho la kwanza, nalo ni la kushangaza: kwa mtumishi aliyechoka, neno la kwanza la Mungu lilikuwa chakula na usingizi. Yeye aliyetuumba anajua ya kuwa tu mavumbi. Basi mtu asijidhanie kuwa wa kiroho kuliko Eliya. Ukiona nia yako ya kazi imekufa, kwanza jiulize mambo yaliyo rahisi: Nimelala saa ngapi usiku huu na usiku uliopita? Nimekula nini asubuhi kabla ya kushika jembe? Nimekunywa maji shambani, au nimengoja hata jioni? Wengi huondoka alfajiri na tumbo tupu, wakafanya kazi hata jua la saa nane, kisha wakastaajabu kwa nini moyo ni mzito. Wapigao dawa nao wajiangalie sana. Ukipiga dawa bila kufunika pua na mdomo, bila glavu na mavazi ya kukinga, au upepo ukikurudishia, dawa huingia mwilini. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, viungo hulegea. Mtu akasema, "Kazi imenishinda," kumbe ni sumu.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Sisi huisoma mithali hiyo kama sifa ya jua tu, yaani ya kazi. Lakini imetaja na kivuli. Achumaye juani, asifike kamwe kivulini, huyo hajala bado.

3. Kusikilizwa

Huko Horebu Bwana alimwuliza Eliya anafanya nini pale, naye Eliya akamwaga moyo wake: amejitahidi, watu wameliacha agano, yeye amesalia peke yake, nao wataka kumwua. Ukapita upepo wa nguvu, na tetemeko, na moto. Bwana hakuwamo katika hayo. Baada yake ikaja sauti ya utulivu. Bwana akamwuliza swali lile lile mara ya pili, na Eliya akajibu maneno yale yale, na Bwana akayasikiliza tena.

Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, hapa pana kazi yenu. Mwendeeni aliyechoka kwa sauti ndogo. Msimwendee na upepo na tetemeko la maonyo. Ketini naye, mwulizeni habari za shamba lake, deni lake, mtoto wake. Akirudia maneno yale yale mara ya pili, msimkatize. Mara nyingi mtu hajui ni nini kilichomchosha mpaka ajisikie mwenyewe akisema.

4. Kazi yenye mpaka

Bwana hakumwacha Eliya pangoni. Hili nalo tusilisahau, maana kuna watu wapendao faraja isiyo na mwisho. Alimrudisha kazini. Lakini kazi aliyompa sasa ilikuwa na mpaka: arudi kwa njia ya jangwa la Dameski, awatie mafuta watu watatu, yaani Hazaeli, Yehu na Elisha. Eliya alikuwa akiubeba wokovu wa Israeli yote mabegani mwake. Bwana aliushusha mzigo ule, akampa majina matatu.

Mkulima naye afanye hivyo. Usisimame ukingoni mwa shamba zima asubuhi na kulipima kwa macho. Macho ni mwoga, mikono ndiyo shujaa. Kata sehemu moja: matuta haya manne leo, mpaka pale penye mti. Yakiisha, jiambie yamekwisha, ukamshukuru Mungu, ukaende nyumbani. Nguvu ya kazi hukua kwa kumaliza, hata jambo dogo. Hufa kwa kuona lisilokwisha kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Tena, anayeweza asipande shamba lote kwa siku moja; apande kwa vipande, juma kwa juma, ili mavuno yasije yote pamoja, kazi isimwangukie yote kwa mara moja, wala bei ya siku moja isiwe hukumu ya mwaka mzima.

5. Mwenzi

Eliya alisema, "Ni mimi peke yangu." Bwana akamsahihisha: walikuwako 7,000 katika Israeli wasiompigia Baali magoti. Kisha akampa Elisha, kijana aliyekuwa akilima kwa ng'ombe jozi 12. Angalieni: yule aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba alipewa mwenzi mwingine, naye ni mkulima.

Uchovu hupenda upweke, na upweke huzidisha uchovu. Musa naye aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, mpaka Yethro mkwewe alipomwambia kwamba atadhoofika yeye na watu pia. Ndipo wakawekwa wakuu wa maelfu, na wa mamia, na wa hamsini, na wa makumi. Basi tujiulize katika mitaa yetu: mwinjilisti wetu ana nani wa kumsaidia? Mama anayeongoza kwaya, anayefundisha shule ya Jumapili, na kupika siku za mkutano, je, ni mama yule yule? Na kwa wakulima: majirani watatu au wanne waweza kufanya zamu. Jumapili ya kwanza huyu ayafungulie maji mashamba ya wote, na ya pili mwingine, ili wengine waende kumwabudu Mungu na kupumzika bila hofu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sharika zetu za kusini zilijifunza hayo zamani. Wamisionari wa Berlin walifika katika nchi hizi za juu mwaka 1891. Vita ya kwanza ya dunia ilipofika huku mwaka 1916, Wajerumani wale wakachukuliwa, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko nguvu za mtu yeyote. Lakini mmoja alishika shule yake, mwingine ibada yake, mwingine wagonjwa wa kijiji chake, na Kanisa halikufa.

6. Mafundisho ya Martin Luther juu ya kazi na kupumzika

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aliwawekea watu wa nyumbani utaratibu wa siku. Asubuhi mtu ajitie ishara ya msalaba, asali, kisha aende kazini kwake kwa furaha. Jioni asali tena, kisha alale mara moja kwa moyo mkunjufu. Wengi wetu tumeijifunza sala ile tungali watoto, tukakisahau kile kinachoifuata. Kazi ya mchana imewekwa kati ya sala mbili, na usingizi umeamriwa kama vile kazi ilivyoamriwa. Alalaye akiisha kumkabidhi Mungu shamba lake hufanya tendo la imani, maana akiri ya kwamba dunia haishikwi na mikono yake.

Mwaka 1530 Philipp Melanchthon alikuwa Augsburg, akiandika ile Ungamo ambalo sisi sote twalishika hata leo. Kazi ilikuwa kubwa, na hofu ilikuwa kubwa kuliko kazi. Luther, aliyekuwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia barua kumwonya autunze mwili wake, akamfundisha kwamba Mungu hutumikiwa kwa kupumzika pia. Ikiwa mtu aliyeandika Ungamo la Augsburg aliambiwa apumzike, je, si zaidi sisi wenye matenga ya nyanya?

Luther alifundisha tena ya kuwa si mchungaji na mtawa peke yao walio na wito. Mkulima, mshona viatu, mtumishi wa nyumbani, mama anyonyeshaye, wote humtumikia Mungu kwa kumtumikia jirani. Hapa ndipo ilipo chemchemi ya nia ya kazi. Mtu akifanya kazi kwa ajili ya bei tu, bei ikianguka, naye huanguka. Lakini akijua ya kuwa nyanya zake zitaingia katika sufuria za watu asiowajua, na kwamba kwa mikono yake Mungu anajibu sala yao ya mkate wa kila siku, hapo kazi ina thamani ambayo soko haliwezi kuiondoa.

7. Tusiubandike uchovu wote moyoni mwa mtu

Lakini twajihadhari. Neno hilo la wito lisitumiwe kumnyamazisha mtu anayeonewa. Kuna uchovu utokao katika dhuluma, na dawa yake ni haki. Mnajua wote habari za lumbesa: gunia la vitunguu hujazwa hata likaota kichwa, nalo hulipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo yaikataza, na Mambo ya Walawi 19 yalikwisha kuikataza kabla ya sheria zetu, maana huko Bwana ataka mizani ya haki na vipimo vya haki. Mtu anayefanya kazi ya magunia mawili akalipwa moja hukosa nguvu kwa sababu nzuri. Basi Wakristo walio wakulima wauze pamoja, wapime kwa mizani, wakatae lumbesa kwa umoja. Na Wakristo walio madalali na wanunuzi wakumbuke ya kuwa wao nao hukaribia meza ya Bwana. Mwenye kuajiri vibarua awalipe jioni ile ile kama walivyopatana. Hakuna mahubiri ya bidii yanayoweza kushindana na mshahara uliozuiliwa.

Tena kuna uchovu ambao ni ugonjwa. Ukipumzika majuma kadhaa, ukala vema, na bado nguvu hazirudi, nenda ukapimwe. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, na magonjwa mengine huanza kwa kuchoka. Na huzuni isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi na kumfanya atamani kufa kama Eliya, hiyo nayo hutibiwa. Asifichwe mtu wa namna hiyo, wala asiachwe peke yake. Ilula tumejaliwa hospitali ya Kanisa letu. Kwenda huko si upungufu wa imani. Malaika aliyemletea Eliya mkate aweza leo kuja amevaa mavazi ya muuguzi.

8. Mwisho wa maneno

Mitume waliporudi kwa Yesu kutoka kazini, watu wakija na kwenda hata nafasi ya kula haikuwapo, Bwana wetu hakuwahesabia saa. Aliwaita waje faraghani wapumzike kidogo. Makutano waliwafuata, naye akawahurumia, akawalisha. Kazi haikuisha siku ile, wala haitaisha katika siku zetu. Lakini Bwana wa kazi ni mwema kuliko kazi yake.

Basi, ndugu uliyechoka, usijiite mvivu. Kula, lala, sema na mtu, chukua sehemu yako moja, tafuta mwenzi. Nawe ndugu mwenye nguvu leo, mtazame jirani yako kabla hujamhukumu. Labda ameketi chini ya mretemu, angojea mtu wa kumletea mkate.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni mambo gani yanayoonyesha kwamba mtu amechoka, wala si mvivu?
2. Kwa nini Mungu alimpa Eliya chakula kabla ya kumpa kazi?
3. Katika mtaa wetu, ni nani abebaye kazi nyingi peke yake, nasi twaweza kumpunguzia ipi?
4. Twawezaje kufanya zamu ili kila mmoja apate siku yake ya pumziko?
5. Tufanye nini pamoja juu ya vipimo na bei wakati wa mavuno?

Tuombe: Ee Bwana Mungu, uliyempa Eliya mkate jangwani, uwatazame wote waliochoka katika mashamba, hospitali, shule na nyumba zetu. Uwape usingizi wa amani na chakula cha kuwatosha. Utuondolee maneno makali juu ya ndugu zetu, utupe mikono ya kuwainua. Utufundishe kufanya kazi kwa furaha na kupumzika kwa imani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.